Pua ya Jabali

Kabla ya kufa, mama yake Bi Time alimwambia, "Makumbi yangu ya nazi nimeyafukia pwani yalainike, chini ya pua ya jabali, pale linapochomoza. Mwakani yafukue, usokote kamba."

Mwaka 1954, maji ya bahari yalipotoka, Bi Time akashuka pwani ya Chwaka na jembe lake. Siku tatu alichimba chini ya jabali, asipate hata uzi mmoja.

"Bahari mwizi wewe!" akafoka. "Miaka yote unalitafuna jabali letu, na makumbi ya mama nayo umeyala?"

Akaketi kwa hasira juu ya bonge la jiwe, hatua chache mbele. Akalitazama jabali. Lilikuwa butu. Pua haipo! Mawimbi yameila kwa chini mpaka imekatika, na ndiyo hiyo aliyoikalia.

Akachimba ubavuni mwa jiwe. Makumbi yalikuwepo yote chini yake, yameiva laini. Juu yake vilikuwapo vijiwe vidogo, ndivyo alivyoweza kuvibeba mama yake kizee ili kuyakandamiza yasielee.

Maji yalianza kujaa, yakimlowesha miguu. Bi Time akayainamia.

"Nisamehe, bahari," akasema. "Mama hakuweza kubeba jiwe zito, ukambebea wewe."