Kiongozi wa Mkia

Kamanda Thersandros alipopanga watu wake uwanjani Sikyoni, alimweka Lakrates mwisho wa safu, nyuma ya wote, akamwita uragos. Neno hilo maana yake kiongozi wa mkia, na wenzake hawakuliacha lipite hivihivi.

"Vipi shemeji, mkia unatikisika?" aliuliza Onasimo, kaka wa mkewe, aliyesimama mbele yake tu. "Mimi angalau ni paja."

Safu nzima ikacheka. Lakrates alikuwa amepigana vita tangu Onasimo hajaota ndevu. Mazoezi yalipokwisha akamfuata kamanda.

"Nimekosa nini, bwana? Vijana wako mbele, mimi umenitupa nyuma kama punda mgonjwa."

"Nyuma namweka ninayemwamini. Watu wakitaka kukimbia watapitia kwako. Wewe ndiye mlango."

"Basi nipe jina jingine."

"Jina nimelikuta, Lakrates. Kanywe maji upoe."

Hakupoa. Hata siku walipopambana na watu wa Pelene, alikwenda vitani na kinyongo chake. Adui hakumwona. Aliona visogo na vumbi, akasikia ngao zikigongana huko mbele, asijue nani anashinda. Mara safu ikaanza kurudi nyuma, na Onasimo akageuka, uso umemparama.

"Nipishe, shemeji. Tunakufa."

Lakrates alimkingia mpini wa mkuki kifuani. "Geuka."

"Nipishe, nakuomba."

"Geuka, usukume."

Akambana kwa ngao mpaka akageuka, kisha akamsukuma mgongoni kwa nguvu zake zote. Safu ikasimama. Baadaye kidogo ikaanza kwenda mbele, na safu ya watu wa Pelene ikavunjika.

Kwenye karamu ya ushindi, baba mkwe wa Lakrates alimmiminia mwanawe Onasimo divai kwanza. Onasimo akasimulia alivyosukuma, na dada yake Kleino akamsikiliza macho yakimng'aa. Lakrates alifungua kinywa, akamtazama mkewe, akakijaza jibini.

"Na wewe uliona nini huko?" mkwe akamuuliza.

"Migongo."

Wakacheka mpaka wakamwaga divai.

Mazoezi yaliporudi, Lakrates aliomba tena nafasi ya mbele. Thersandros akatikisa kichwa. Lakrates akaenda mwisho wa safu, akasimama nyuma ya Onasimo, ambaye safari hii hakutania wala hakugeuza shingo.

"Simama sawa," Lakrates alimfokea, ingawa alikuwa amesimama sawa.