Churan si Mithai

Shangazi Sharda alikuwa ameapa kwamba ndani ya ofisi ya kodi hatasema neno. Hakuwa hata amekaa vizuri kitini alipomtazama afisa na kumwambia, "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Nyumbani hulishwi?"

Vasudha, binti wa kaka yake, alitamani sakafu immeze. Hii ilikuwa kesi yake ya kwanza tangu apate kibali cha kuwasemea watu mambo ya kodi, na sauti yake, ambayo asubuhi ilikuwa imetamba mbele ya kioo, sasa ilikuwa imejificha kama paka aliyemwagiwa maji.

Mezani palikuwa na kopo la churan. Mjini Ratlam hakuna asiyezijua gololi zile nyeusi za ukwaju, tangawizi, bizari na chumvi kali, zinazoviringishwa kwenye sukari na kuliwa baada ya mlo ili tumbo litulie. Shangazi alizitengeneza uani kwake, na gololi hizo ndizo zilizomlea Vasudha na kumsomesha. Miaka yote zilitozwa kodi ya mauzo katika fungu la dawa, kodi nyepesi. Sasa afisa, Bwana Nagarkar, alitaka kuzihamishia fungu la mithai, vile vitamutamu vya sherehe, na kodi ya huko ilikuwa nzito. Ikiwa hivyo, Shangazi angefunga kazi yake ya uani na kuuza masufuria.

"Zina sukari," alisema Bwana Nagarkar, akatia moja mdomoni. "Watoto wanazipenda." Akatia nyingine. "Tena zimefungwa kwa karatasi za kung'aa. Dawa gani hii ya mtu kulamba vidole?"

"Unakula ushahidi wetu," Shangazi akamwambia.

"Ninachunguza, Mama."

"Chunguza taratibu, mwanangu. Choo chenu nimekiona, hakina maji."

Vasudha akamkanyaga mguu chini ya meza, kisha akakohoa. "Mheshimiwa, bidhaa ni vile... vile wauzaji na wanunuzi wa sokoni wanavyoijua..."

"Ongeza sauti, binti. Feni inakushinda."

"Vile watu wa sokoni wanavyoijua!"

"Haya. Watu wa sokoni wanaijua kama nini?"

"Churan."

"Na churan ni nini?"

Vasudha akayapitia kichwani masomo yake yote. "Churan ni... churan."

Bwana Nagarkar akatikisa kichwa kwa huruma na kuchukua kalamu. Shangazi alishika mkono wa Vasudha.

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo. Mzee Bhagirath, karani wa ofisi, aliyekuwa ameganda kwenye simu ya ukumbini tangu asubuhi, aliingia akicheza, faili kichwani.

"Mapacha! Binti yangu kajifungua mapacha! Wote wazima!"

Kalamu ikadondoka. Bwana Nagarkar akamkumbatia, Shangazi akambariki, na Vasudha, ambaye furaha ya mtu mwingine humliza kuliko msiba wake mwenyewe, akafuta macho kwa ncha ya sari. Kwa desturi yao, mleta habari njema haachwi kinywa kitupu. Lazima atiwe kitu kitamu mdomoni papo hapo, kwa mkono wa aliye karibu. Vasudha ndiye aliyekuwa karibu. Akanyakua kilichokuwapo mezani na kukipeleka kwenye midomo ya mzee.

Mzee Bhagirath akafumba mdomo na kurudi nyuma. "Ala! Binti, nimepata wajukuu, sijavimbiwa!"

"Lakini ni tamu, Mzee," akasema Bwana Nagarkar.

"Tamu nini, bwana mkubwa? Watoto wazaliwe, watu wapewe churan? Mke wangu akisikia, mimi na wewe tutalala barazani. Leteni mithai!"

Vasudha akacheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko akaikuta sauti yake, nzima, imekaa inamngoja.

"Bwana Nagarkar! Siku binti yako akichumbiwa, utawapelekea wakwe kopo la churan?"

Akilini mwake afisa aliwaona wakwe wakifungua kopo. Mabega yakaanza kumtikisika. "Watasema... watasema tunawaonya kuhusu chakula chetu!"

"Basi ni mithai?"

"Si mithai!" Alikuwa akifuta machozi. "Nani atathubutu? Si mithai hata kidogo!" Akacheua kwa sauti ndefu ya kuridhika, akashika tumbo kwa mshangao. "Tena tangu harusi ya jana sijapata nafuu namna hii."

Akaandika, akatia sahihi: fungu la dawa.

Mzee Bhagirath alitoka mbio, akarudi na ladu, mithai za mviringo zinazochuruzika samli. Shangazi akamsokomezea Vasudha moja kubwa, ya mapacha na ya ushindi kwa pamoja, na msichana akakosa sauti tena. Bwana Nagarkar alikula ladu, akala nyingine, akawa ananyoosha mkono tena.

Shangazi Sharda, bila kusema neno, akamsogezea kopo.