Unga Kwenye Vidole vya Bi Zena

Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa na wake wa kila namna, lakini aliyetaka kuonyeshwa mkamwana wa mfano alielekezwa kwa Sofia, mke wa Seifu. Mama mkwe wake, Bi Zena, hakuinua kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Maji ya kuoga aliyakuta bafuni, kanga zake alizikuta zimefuliwa na kukunjwa, na akithubutu kushika ufagio, ulichukuliwa mkononi mwake kabla haujagusa chini. "Mama, kaa," Sofia alisema, na Bi Zena alikaa. Wapangaji wenzao wa nyumba ile ya vyumba sita waliona wakasifu, na Sofia, tuseme kweli, sifa alizipenda.

Sababu ya kumkalisha ilikuwepo. Tangu mwaka lilipofunguliwa soko jipya la Kariakoo, vidole vya Bi Zena vilikuwa vimeingiwa na baridi yabisi. Asubuhi viliamka vimekaza na vifundo vimetuna, na mpaka jua likolee ndipo vilipoanza kukunjuka kidogo. Vifungo vya gauni vilimshinda. Kubwa kuliko yote, tonge lilimshinda. Mwanamke aliyezaliwa mtaa wa Gerezani, aliyekula wali kwa mkono wake maisha yake yote, sasa alikula kwa kijiko kama mgeni wa serikali. Harusini hakwenda tena, na akiulizwa alisema tumbo halimpi raha. Hakutaka mtu wa nje ajue. Mtaani ukisema mikono yako ina kasoro, kabla ya adhuhuri umeshapooza, na kabla ya alasiri ameshapatikana aliyekuroga.

Basi siku moja mchana, mezani pana wali na mchuzi wa papa, Sofia akamwona mama mkwe wake anakisukuma kijiko pembeni. Alikusanya wali kwa vidole, akaufinya polepole, akaupeleka kinywani. Tonge lenyewe halikuwa la kujivunia, maana punje nyingine ziliangukia kangani, lakini lilikuwa tonge.

Sofia aliinamisha uso kwenye sahani yake asionekane anatazama. Adabu ilimkataza kuuliza, ila macho hayana adabu. Alipokuwa mdogo Magomeni, mama yake alikuwa akimwita mpelelezi, kwa jinsi alivyofungua kila chungu kuona kinachochemka. Upelelezi ule ukamwamka upya.

Akaanza kuangalia mambo. Kwanza, kila baada ya sala ya alfajiri Bi Zena alijifunga kanga zake na kutoka kwa mlango wa uani. "Naenda kumjulia hali somo yangu Mtaa wa Sikukuu," alisema. Vizuri. Lakini siku moja Sofia yuko kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika, nani yuko mbele yake kama si huyo somo mwenyewe. Mama wa watu akamuuliza kwa huzuni, "Mwanangu, Zena mzima? Muda sasa sijamtia machoni."

Pili, kanga za Bi Zena zilirudi na harufu ya moshi na hiliki, na kwao hiliki ilikuwa haijaingia tangu Idi. Tatu, na hili ndilo lililomnyima Sofia raha, chini ya kucha za mama mkwe wake palikuwa na unga mweupe.

Mtu anayetoka alfajiri kwa uongo na kurudi na unga mweupe vidoleni, Kariakoo nzima ingekwambia anatoka wapi. Anatoka kwa mganga. Waliokuwa bondeni Msimbazi hawakuwa wachache, na Sofia hakuogopa dawa zao, aliogopa midomo yao. Waganga hawapendi safari ndefu, na mchawi wao siku zote yuko chumba cha pili. Wakiulizwa nani kamfunga Bi Zena mikono, wangesema nani kama si mke wa mwanawe? Kwa muda mfupi Sofia alijiona ameachwa, amefungiwa nguo zake kwenye shuka, anarudi Magomeni kwa miguu. Akaamua kwamba kama ni kuchomwa, basi angalau auone moto kwa macho yake.

Asubuhi iliyofuata Bi Zena alipotoka, Sofia alihesabu pumzi kidogo, akajitanda kanga gubigubi, akamfuata. Alidhani wangeshuka Msimbazi. Hawakwenda mbali. Bi Zena alivuka kichochoro cha nyuma, akasukuma mlango wa mabati wa nyumba ya pili, akaingia.

Ile ilikuwa nyumba aliyopanga Theopista, Mchaga wa Marangu, aliyekaanga maandazi na kuwapelekea wafanyabiashara wa sokoni kabla hawajafungua magunia. Sofia alimjua kwa salamu tu. Akachungulia kwenye upenyo wa bati.

Bi Zena alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imo ndani ya beseni la maji yanayotoa mvuke mwepesi. Alivikunja vidole na kuvikunjua humo ndani, bila haraka, huku akimsimulia Theopista kisa fulani kilichomfanya yule mwanamke acheke mpaka ajifute machozi. Kisha aliikausha mikono, akavuta karai la unga, akaanza kukanda. Hakukanda kwa ngumi. Alisukuma kwa kiganja, akakunja, akageuza, akasukuma tena, akapumzika, akaanza upya. Kwa wapangaji wa Narung'ombe alikuwa mwanamke asiyeruhusiwa kuinua hata kijiko, na hapa alikuwa anakanda unga wa watu.

Sofia alijikuta ameshafungua mlango.

"Shikamoo, mama," alisema kwa hasira ya kuaibishwa. Hakusubiri kuitikiwa. Alimgeukia mwenye nyumba. "Dada Theopista, mama yangu kwako amekuwa kibarua?"

Theopista akaweka chini mwiko. "Mdogo wangu, mimi sikumwita. Alikuja mwenyewe kuomba. Nikakataa. Akaja tena."

"Marahaba," Bi Zena aliitikia, maana salamu ni salamu. "Sofia, kaa."

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kuelekezwa upande wa pili. Sofia akakaa.

"Mama, nyumbani umekosa nini?" aliuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Niambie. Mimi nitatafuta."

"Sijakosa kitu, mwanangu. Ndiyo taabu yenyewe." Bi Zena alipangusa unga mkononi. "Unakumbuka Seifu aliponipeleka hospitali? Yeye alibaki nje kwenye benchi. Daktari aliniambia mambo mawili. La kwanza vidonge, nimeze nikishakula. Hilo nililileta nyumbani. La pili sikulileta."

"Lipi?"

"Alisema kiungo kinachokaa bure kinazidi kukaza. Asubuhi niitie mikono kwenye maji ya vuguvugu, kisha niipe kazi nyepesi kila siku. Siku ikivimba na kuwa ya moto, niipumzishe, nisiilazimishe. Siku imekaza tu, niiamshe. Nisikamue nguo, nisibebe ndoo kwa vidole. Lakini nisiilaze."

Sofia aliitazama ile mikono kama mtu anayeona kitu kipya dukani. Udadisi ukamshinda aibu. "Na unajuaje leo ni ya kuamshwa, siyo ya kulazwa?"

"Gusa." Bi Zena akamnyooshea. "Hapa kwenye kifundo. Baridi, sivyo? Wiki iliyopita siku mbili pangekuunguza. Siku hizo nilikuja nikakaa tu, nikamsumbua Theopista kwa maneno."

"Kweli tupu," alisema Theopista.

Sofia aligusa kifundo kimoja, kisha kingine, akakijaribu kwa kidole gumba. Halafu akauliza lile lililomuuma. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Bi Zena alirudisha mkono wake kwenye unga. "Ningekwambiaje? Mke wa mwanangu ananitunza hivi, mtaa mzima unamsifu, mimi nimwambie kutunza kwako kunanikaza vidole? Ungepata usingizi?" Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na redio kila siku inasema asiyefanya kazi ni kupe. Umenifanya kupe, Sofia, tena kupe anayependwa."

Sofia alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio. Miezi yote ile alikuwa akijiona anamwekea mzee wake akiba ya nguvu, kumbe alikuwa anamfungia mikono kwa mapenzi. Ilimuuma sana. Theopista aliona afadhali amgeuzie mgongo, ashughulikie mafuta.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na uani pa nyumba ya vyumba sita ni kitu kingine. Sofia hakutaka mama mkwe wake aendelee kunyata kwenye vichochoro kama mwizi wa kuku. Waliafikiana kwamba unga wa Theopista uvuke kichochoro uje kukandwa nyumbani. Kesho yake asubuhi, kweupe, Sofia aliweka kigoda uani, akaweka beseni la maji ya vuguvugu na karai pembeni, akaita, "Mama, njoo ukande."

Milango miwili ikafunguka kwa pamoja. Bi Sitara wa chumba cha mbele, ambaye redio ikikosa betri mtaa ulimtegemea yeye, alisimama na ndoo yake tupu.

"Sofia. Leo mkweo ndiye mpishi?"

Sofia alimtazama Bi Zena. Bi Zena alitazama mikono yake, na Sofia akaelewa kwamba siri ile si yake kuitoa. "Ndiyo," alisema. "Nimempa kazi."

"Na unga wa nani?"

"Wa dada Theopista."

Bi Sitara hakuhitaji zaidi. Kufika jioni, Sofia alikuwa amemkodisha mama mkwe kwa Mchaga. Bombani alipofika, wanawake walikumbuka ghafla kwamba wana haraka. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kitwana, alipita akakohoa na kusema amesikia kuna unyonyaji katika eneo lake, na Sofia akamjibu kwa heshima kwamba mzee wangu, bado tunauchunguza. Wale waliomsifu ndio waliokuwa wa kwanza kusema walijua tangu zamani.

"Niwaambie?" Bi Zena aliuliza asubuhi moja, vidole vikiwa majini.

"Usiwaambie, mama. Wataanza kukutafutia mchawi." Sofia alikuwa anamwongezea maji ya moto kwa kata, kidogo kidogo. "Mimi nitazoea."

Hakuzoea. Jina jema ni kitu unachokijua utamu wake likishaondoka, na Sofia alilia mara kadhaa chumbani akiwa peke yake. Lakini kila siku alitenga karai, na kila siku alimuuliza mama mkwe wake maswali. Kidole cha shahada kimeamkaje? Mvua ya jana umeisikia wapi? Kifuniko cha chupa, ukikisukuma kwa kiganja badala ya kukibana, kinaumaje? Wakawa wanaichunguza mikono ile kama watoto waliookota redio mbovu. Wakajua kwamba beseni hubebwa kwa viganja viwili, kwamba kata yenye mpini uliozungushiwa kitambaa kinene haichoshi, na kwamba baada ya kukanda ni lazima kupumzika hata kama unga haujalainika.

Ndipo habari ikafika Magomeni.

Mama yake Sofia alishuka basi la UDA na kuja moja kwa moja uani bila kubisha hodi. Alikuta Bi Zena anakanda na mwanawe amekaa ukutani, mikono mitupu mapajani. Bi Sitara alikuwa bombani, ndoo yake ikifurika bila yeye kuiona.

"Kumbe ni kweli," alisema mama yake. "Nilibisha njia nzima. Nikasema, mwanangu mimi? Nimekulea niwe na uso, umeniacha sina. Simama, uchukue hilo karai."

Sofia alisimama, hakuligusa karai. "Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kazi?"

"Siwezi kukwambia."

Mama yake alimsogelea na mkono umeinuka, ule mkono wa mama ambao hata uwe mtu mzima unakutafuta shavu. Haukufika. Katikati ya njia ulidakwa na mkono mwingine, mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko.

"Mkwe wangu," Bi Zena alisema, kwa sauti ya kumfikia hata aliyeko bombani. "Mkono huu una baridi yabisi. Ulikuwa haufungi kifungo, haumegi tonge. Mimi nilificha, mwanao akatukanwa kwa ajili yangu, akanyamaza."

Mama yake Sofia alivuta mkono wake uachiwe. Ukagoma. Akavuta tena, kisha akaacha, akavitazama vile vidole vilivyopinda jinsi vilivyomkamata.

"Unaniumiza," alisema polepole.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zena, na hakumwachia.