Kura ya Adolphine

Tangu waoane kwenye kambi ya wakimbizi, Bagula hakuwahi kumsikia mkewe akicheka vile. Alikuwa jikoni kwao Louisville, ametoka kazini Jeffersontown, hajavua hata buti. Sebuleni Adolphine alikuwa akimsimulia kijana wa Kitanzania habari za usichana wake.

Kijana aliitwa Erasmus, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Columbus. Alikuwa akitafiti uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Kongo-Brazzaville, mwaka 1992, baada ya miaka mingi ya chama kimoja cha kikomunisti. Adolphine alizaliwa huko.

"Hyacinthe alikuwa anagombea ubunge," alisema. "Alinipandisha juu ya lori, akanipa mikro. Bon, niliimba mpaka sauti ikakauka!"

"Yuko hai, mama?"

"Iko Buffalo."

Bagula akatokeza mlangoni. "Umejuaje?"

"Watu wa kwetu wanajulikana, Papa Nadine."

Bagula akamgeukia Erasmus. "Jumamosi tutakupitia Columbus, twende tukamwone." Alisema anamsaidia kijana. Kweli yenyewe, alitaka kuiona sura ya huyo mtu.

Jumamosi Adolphine alivaa kitenge alichokishona kwa harusi ya binti yao Nadine. Bagula alikiona, akaenda kuwasha gari. Erasmus alipopanda karibu na chuo, aliwasalimu, akaona walivyonuna, akavaa visikilizio vyake.

Huko Buffalo Hyacinthe alifungua mlango mwenyewe: mrefu, shati limenyooshwa, mvi zimechanwa vizuri.

"Adolphine!"

Jina tupu, ambalo Bagula mwenyewe aliliacha siku Nadine alipozaliwa. Na mkono wake hakuuachia upesi.

Walikula samaki, wakakumbuka nyimbo, tope, na akina mama waliopanga foleni toka alfajiri. Kisha Hyacinthe akaguna. "Nilishindwa kwa kura chache. Lakini yako, Adolphine, niliipata."

Adolphine aliweka glasi chini. "Hapana. Nilimpigia yule mama mwalimu."

"Wewe? Na kuimba kote kule?"

"Kuimba nilipenda. Donc, wewe ulikuwa mtu wa chama cha zamani, ulibadilisha kofia tu. Maneno yalikuwa yale yale."

Erasmus alisahau kuandika. Bagula alicheka mpaka akapaliwa, akaongeza samaki, akaisifu nyumba ya mwenyeji wake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka walipomshusha Erasmus. Walipobaki wawili, ile kura ikaanza kumtafuna. Mkewe aliimba jina la mwanamume mbele ya mji mzima, akaingia nyuma ya pazia, akachagua mwingine, na miaka yote hii hakuna aliyejua.

"Mama Nadine," alisema, "siku uliponikubali kule kambini, kulikuwa na mwingine?"

"Angalia barabara."

"Nauliza tu."

"Walikuwa wawili," akajibu Adolphine, akalaza kiti chake, akafumba macho.

Bagula aliendesha. Mpaka wanaingia Louisville alikuwa bado anawapitisha kichwani, mmoja mmoja, wanaume wote wa kambi ile.