Mguu Ulioombewa

Mzee Bucha hakuwa mtu wa kuvumilia harufu. Maisha yake yote ya kazi aliuza nyama, na duka lake lilisifika kwa kuwa nzi hakuthubutu kutia mguu mle ndani. Kila jioni alisugua gogo la kukatia kwa chumvi na maji ya moto mpaka likawa jeupe kama meno ya mtoto. Kipande kikibadilika rangi kidogo tu, alikitupa, hata kama mteja alikuwa tayari mlangoni na angekichukua bila kuuliza. Watu walisema ana maringo. Hakukanusha.

Sasa alikuwa amelazwa katika wodi ya wanaume, na kilichonuka ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianzia kwenye lengelenge dogo la kiatu kipya. Hakulisikia, kwa sababu kisukari kilikwisha kumtia ganzi nyayo zote mbili siku nyingi. Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikachimbika, na kwenye lile shimo ikaanza kutoka harufu aliyoijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko siku ya jua kali: mwanzoni ina utamu fulani wa kipuuzi, kisha inashika koo. Alipokunywa uji, aliunywa pamoja nayo. Alipogeukia ukutani, ilimfuata. Muuguzi alipofungua bandeji asubuhi, yeye mwenyewe aligeuza uso, akaona aibu kama mtu aliyefumaniwa akiuza nyama ya juzi.

Wauguzi walimwekea fremu ya chuma juu ya mguu ule, mfano wa tenga lililofunikwa kifudifudi, ili blanketi lisiguse kidonda. Blanketi likitulia, harufu nayo ilitulia kidogo. Likiinuliwa, wodi nzima ilipata habari.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyevunjika nyonga, miguu imefungiwa mawe ya kuuvuta mfupa, mdomo haukufungiwa kitu. Siku moja alimwambia kwamba yeye aliwahi kuharibikiwa na gari njiani akiwa na shehena ya samaki, jua likiwaka, lakini mzee alikuwa amelishinda lile lori.

"Samaki wako walikuwa na bahati," Mzee Bucha akamjibu. "Walikufa kwanza ndipo wakapewa dereva mwenye midomo."

Wakacheka wote wawili, na kucheka kule kukampa nafuu kuliko vidonge.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya kanisa. Siku hizi uongozi ulikuwa umeanzisha utaratibu wa kumtibu mgonjwa mwili na roho kwa pamoja. Daktari akipita vitandani, mchungaji alipita naye. Daktari alisimama upande wa dirisha, mchungaji upande wa njia. Daktari alieleza ugonjwa, mchungaji akasema neno la kutia moyo, kisha akaweka mkono mahali penye maumivu, wote wakafumba macho, ikaombwa sala.

Mzee Bucha hakuwa na ugomvi na utaratibu huo. Alikuwa mtu wa kanisani tangu utoto, na hakuona kwa nini mwili uingie kwa daktari huku roho ikiachwa nje kwenye benchi. Aliyemtia kinyaa ni mchungaji mwenyewe. Alikuwa kijana wa rika la mwanawe wa mwisho, mnene kidogo, mpole, aliyevaa koti jeupe kama la daktari ingawa hakuna aliyewahi kumwona na sindano. Alijipaka manukato mpaka yakamtangulia mlangoni, na chini ya pua alijipaka dawa ya mafua iliyong'aa kama kamasi. Halafu hiyo mikono. Alimwekea mkono kifuani mgonjwa aliyekuwa akikohoa makohozi ndani ya kopo, akamfuta mwingine jasho la homa, akaja moja kwa moja kwa Mzee Bucha, ilhali sinki lilikuwa pale pale karibu na mlango, na sabuni yake imekauka mpaka imepasuka. Mzee aliitazama mikono ile ikimjia, akatamani kumpa chumvi na maji ya moto.

Alivumilia kwa ajili ya mke wake. Mama alikuwa mtu wa vikundi vya maombi, na tangu mumewe alazwe alikuwa haliachi kanisa wala wodi. Alifika saa ya kutazama wagonjwa na chupa ya chai na kitenge cha kujifunika, akaketi upande wa kichwani, akamshika mumewe mkono. Mguu hakuwahi kuuona. Wakati wa kusafisha vidonda watu walitolewa nje, na alipokuwa ndani blanketi lilikuwa limeshuka. Harufu aliisikia, lakini mwenyewe alijiambia ni ya dawa.

Jambo lililowasumbua lilikuwa hili. Daktari, mwanamke mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alikwisha sema bila kuzungusha kwamba mguu hauponi tena. Inabidi ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi, maana sumu ilikuwa inapanda, na ikipita goti atakayelala pale hatakuwa mgonjwa tena bali maiti. Mzee Bucha alimwelewa kabla hajamaliza. Lakini yeye na mkewe walikuwa na desturi yao: tangu waoane hakuna aliyeuza hata kuku bila mwenzake kukubali, seuze mguu. Na mama alikataa.

Alikataa kwa sababu mchungaji alikuwa ameutangaza mguu kuwa unapona. Siku ya kwanza aliuwekea mkono akasema anahisi joto. Siku iliyofuata akasema joto limezidi, mguu unaamka. Mama aliposimuliwa alilia kwa furaha, akaenda kuwaambia wenzake, na wenzake wakaanza kupanga ibada ya shukrani ambamo mzee angeingia kanisani kwa miguu yake.

"Baba, yule ni mtumishi wa Mungu," mama alimwambia. "Ameshika kwa mkono wake mwenyewe, akasikia uhai. Wewe unataka nikubali wakukate mguu ulio hai?"

Nyayo za Mzee Bucha zilikuwa na ganzi, hata akishikwa hajui ameshikwa wapi. Pengine, alifikiri, kweli kuna joto asiloweza kulihisi. Daktari naye, alipoulizwa kama sala na kisu vinapingana, alimwambia hajawahi kukata mtu bila kuomba kwanza. Akaondoka akiwa amechoka usoni, kwa kuwa kisheria saini ya mgonjwa peke yake ingetosha, lakini mzee hakutaka kuitia bila mkewe.

Homa ikaanza. Midomo ikakauka, harufu ikazidi, na dereva wa lori akaacha utani. Hilo la dereva kuacha utani ndilo lililomwogopesha zaidi.

Kilichoamua mambo ni nzi.

Ilikuwa wakati wa sala, asubuhi. Daktari ameinamisha kichwa upande wa dirisha, muuguzi amefumba macho mkononi ana trei, mchungaji anaomba kwa sauti iliyopanda na kushuka vizuri sana. Mzee Bucha naye alikuwa amefumba. Ndipo akasikia mvumo mwembamba sikioni, ukapita, ukaenda chini kuelekea miguuni. Mtu mwingine angeendelea kuomba. Lakini mtu aliyefukuza nzi maisha yake yote hawezi kumsikia nzi akafumba macho. Akafumbua.

Alimwona nzi ametua juu ya blanketi, pale kwenye fremu, akifikicha miguu yake kama anayesubiri kuandaliwa meza. Kisha akauona mkono wa mchungaji. Haukuwa karibu na fremu. Ulikuwa umetulia juu ya mguu wa pili, ule mzima, ulio upande wa njia, umekaa juu ya blanketi kwa upole. Na mchungaji alikuwa anasema, "Asante, kwa kuwa joto hili ni lako."

Mzee Bucha akatazama uso wake. Pua ilikuwa imegeuzwa pembeni, mbali na fremu, na ile dawa chini ya pua ilikuwa ya leo, imepakwa nene. Hapo kichefuchefu kilichompanda hakikutoka kwenye kidonda. Alijua mauzo ya namna hii. Alikwisha kuwaona wauzaji wenzake wakitanguliza mbele kipande kizuri ili mnunuzi asitazame cha chini. Ila wao walikuwa wanauza nyama tu.

Sala ikaisha, akaitikia amina pamoja na wengine. Kisha akamwomba muuguzi mambo mawili: kesho mkewe aruhusiwe kuingia mapema, daktari na mchungaji wakiwapo, na bandeji isifungwe hadi sala ipite. Muuguzi alimtazama kidogo, akaelewa nusu, akakubali yote.

Kesho yake mama akaketi mahali pake pa kichwani. Daktari akasema yale yale aliyoyasema kila siku, ila safari hii alisema imebaki leo au basi tena. Mchungaji akamshukuru daktari, akasogea, akanyoosha mkono juu ya blanketi upande wa njia.

"Subiri, mtumishi," Mzee Bucha akasema. "Leo nataka uombee mahali penyewe. Sista, funua."

Muuguzi akainua blanketi, akaondoa fremu.

Harufu ilitoka kama kitu chenye mwili. Mgonjwa wa makohozi upande wa pili alijifunika shuka. Vidole vilikuwa vyeusi, vikavu kama maganda, na juu yake nyama ilikuwa imelegea, ya kijivu na kijani, yenye majimaji yaliyoteleza kwenye plastiki iliyotandikwa chini. Mfupa mmoja mdogo ulionekana. Mzee Bucha alijilazimisha kuutazama wote, na alipouona alijua kwamba angekuwa dukani, angekwisha kuutupa zamani.

"Mtumishi wa Mungu, weka mkono," akasema tena.

Mchungaji alinyoosha mkono. Kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba alijaribu. Vidole vilifika katikati, kisha uso wake ukageuka rangi ya majivu, akashika mdomo, na kabla muuguzi hajamfikishia beseni akatapika. Kifungua kinywa chote kikaishia kwenye koti jeupe na kwenye viatu vya daktari.

Hakuna aliyecheka, hata dereva wa lori.

Mama alikuwa amesimama. Hakuziba pua. Alitembea taratibu akizunguka kitanda mpaka miguuni, akainama, akautazama mguu kwa muda mrefu kama anayesoma maandishi madogo. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. Kisha akamgeukia mchungaji.

"Siku zote hizi ulikuwa unashika wapi?"

Mchungaji alifuta mdomo. Alianza kusema kwamba alidhani, kwamba blanketi, kwamba hakuna aliyemwonyesha. Mama aliendelea kumtazama. Akaacha kujitetea, akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa ile ya sala kwamba harufu ilimshinda tangu siku ya kwanza. Aliweka mkono pale alipoweza kufika. Joto alilihisi kweli, akasema, na akataka sana liwe ndilo.

"Lilikuwa joto la mguu mzima," Mzee Bucha akamwambia. "Huo haukuwa unaumwa."

Daktari alikuwa bado amesimama na viatu vyake vilivyochafuka, macho chini. Alisema naye alifumba macho kila siku.

Mama akachukua kitambaa safi kwenye trei ya muuguzi bila kuomba ruhusa, akakilowesha, akaanza kupangusa pale juu ya kifundo ambapo ngozi ilikuwa bado ngozi. Alipangusa kama anavyoogeshwa mtoto. Midomo yake ilikuwa inaomba, macho yameshikilia kile mikono yake ilichokuwa inafanya. Mzee Bucha alimtazama, akasahau kunusa.

"Mkateni," akasema mama bila kuinua kichwa. "Leo. Nami nitakaa mlangoni niombe mpaka mmalize."

Wakamkata siku ile ile, chini ya goti, na sumu ikakoma pale.

Siku za mwanzo aliamka akiukuna mguu usiokuwepo, akaulaani. Dereva wa lori alirudiwa na utani wake. Alimuuliza kama sasa kiatu kimoja atauza au atatoa sadaka. Wodini kulibaki harufu ya kawaida ya wodi, sabuni na mikojo na chakula kilichopoa, na Mzee Bucha aliivuta kama mtu aliyerudi kwao.

Mchungaji hakuonekana kwa muda. Alipotokea, alikuja bila koti jeupe na bila manukato, amevaa shati la kawaida lenye kola iliyochakaa. Chini ya pua hakukuwa na kitu. Alisimama mwisho wa kitanda, akaomba msamaha kwa maneno machache, akamwambia mzee kwamba amemwomba muuguzi amruhusu awepo wakati wa kusafisha vidonda, kila asubuhi, mpaka azoee. Sasa akaomba aruhusiwe kuomba naye.

Mzee Bucha bado alikuwa na kinyaa naye. Kinyaa si kitu cha kukunjua kama shuka. Alitazama ile mikono, akawatazama wagonjwa aliowapitia njiani akija.

"Sinki lile pale," akasema. "Sabuni mpya mke wangu ameleta. Sugua mpaka kwenye viwiko."

Mchungaji akaenda. Maji yalisikika yakimwagika kwa muda mrefu, na mzee alihakikisha hakukatiza mapema. Aliporudi, mikono ikidondoka maji, muuguzi akafungua bandeji. Kikonyo cha mguu kilikuwa chekundu, safi, nyuzi zimepangwa vizuri. Mchungaji akaweka mkono juu kidogo ya nyuzi, mahali penyewe, akafumba macho.

Mzee Bucha hakufumba.