Miti ya Nyuma ya Jengo

Mama alishona nguo miaka kumi na tisa katika chumba cha mbele, ghorofa ya tatu, mpaka miguu ikavimba na presha ikapanda. Daktari hakumung'unya maneno. "Dawa nitakupa, lakini usipotembea, hicho cherehani kitakuzika."

Akaanza kutembea. Nyuma ya jengo kulikuwa na njia ya udongo kando ya mfereji, na miti kumi na mmoja yenye vivuli vizito. Kila asubuhi alikwenda na kurudi mara nne. Baada ya miezi miwili viatu vyake vya zamani vilimwingia tena, na usiku alilala fofofo. Hata kutugombeza alipunguza.

Ghorofa ya chini aliishi shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwenyekiti wa kamati ya jengo. Yeye na mama hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Shangazi alikuwa amenunua gari, na alichoka kuliacha barabarani.

Siku mama alipokwenda kliniki, wakata miti walikuja na misumeno. Aliporudi alikuta visiki. Alimfuata shangazi mlangoni, kadi ya kliniki bado mkononi.

"Wifi, umefanya nini?"

"Maegesho. Kamati imeamua."

"Kamati ni nani? Wewe na mdomo wako?"

"Ukitaka msitu nenda porini, hapa ni mjini. Kama ni kutembea, ngazi si hizo?"

"Kaka yako angekuwa hai usingethubutu."

"Kaka yangu angekuwa hai kama ungemtunza."

Nilijua mama atamzaba kofi. Hakumzaba. Alipanda ngazi taratibu, akishika ukuta, na siku ile hakushona hata pindo moja.

Alijaribu barabara kuu. Malori yalimpigia honi, vumbi likamjaa kooni, na asubuhi moja pikipiki ilimkosakosa hadi akatumbukia mtaroni. Presha ikarudi juu. Usingizi ukamruka. Kila shangazi alipowasha gari chini ya dirisha letu, mama alitukana peke yake, matusi ambayo sikujua anayajua.

Mwezi ulipoisha akasema tunahama. Alikuwa amepata vyumba viwili karibu na uwanja wa shule uliozungukwa na miti, mbali na wateja wake wote. Wapagazi walipokishusha cherehani, shangazi alisimama mlangoni pake, mikono kiunoni.

"Unanikimbia?"

"Sina mbio, wifi. Miguu yangu unaijua."

Hawakusemezana tena. Wateja walipotea nusu, tukala kwa kubana. Lakini mama anauzunguka ule uwanja kila kukicha, na daktari amempunguzia vidonge.

Juzi nilimwambia mama kuwa shangazi amelazwa, moyo unamsumbua.

"Wodi gani?"

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akatia uzi kwenye sindano, akaendelea kupindia sketi.