Mfarishi wa Wifi

“Chukua hiki,” nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu, nikamvuta mkono akipapase. Kilikuwa kitambaa cha pamba cha rangi ya maziwa, kizito kidogo, kimefumwa kwa mikunjo midogo midogo inayotekenya vidole. Akafumba macho. “Yaani hiki ndicho!”

Muuza vitambaa alikuwa mtu wa haki. Alinisogelea na mkasi wake, akasema, “Fundi, usisahau kukiloweka kabla hujakikata. Hiki kikionja maji kinarudi sana, karibu robo nzima inapotea.”

“Najua kazi yangu,” nikamjibu.

Wifi hakusikia. Alishafika mlangoni na jora, analitazama mwangani, anajisifu kwa jicho lake zuri. Jicho lake! Nikamchagulia na cha pili, makusudi kabisa: pamba nyororo ya buluu, iliyobanwa, isiyopungua hata uichemshe. Viraka vya aina hizo mbili, kimoja kwa kimoja, mfarishi mzima. Fundi yeyote angenipigia kelele.

Acha niseme ukweli, nilikuwa nimemchoka. Miaka saba kabla ya siku ile nilimshonea baba mkwe mfarishi, mgongo ulipomlaza kitandani. Miezi minne, kila mshono kwa mkono. Wageni walipokuja kumjulia hali wakausifu, na wifi, aliyekuwa ameketi karibu zaidi, akainamisha kichwa kwa haya na kusema, “Aa, nimejaribu tu.” Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la chai. Mume wangu akanikonyeza ninyamaze, ati mgonjwa asisumbuliwe. Nikaendelea kugawa chai. Tangu hapo wifi akawa fundi wa ukoo na mimi mikono yake. Kila zawadi ilishonwa kwangu, ikatolewa kwake. Nilitaka jambo moja tu, aseme mbele za watu kwamba kazi ni yangu. Wapi!

Huu mpya alitaka kumpa mama mkwe wa binti yake, mwalimu mstaafu, mwanamke asiyecheka ovyo. Nilikata bila kuloweka. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona, tena nikiimba. Wifi akaukabidhi, akapigiwa makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Mwalimu aliufua mwezi wa pili tangu apewe. Jumapili moja akatukuta sote nyumbani kwa wifi, tumemaliza kula, akaubwaga mfarishi mezani. Lo! Viraka vyeupe vilikuwa vimejikunyata, vya buluu vimetuna kama mashavu ya mtoto aliyenuna, mishono imeachia, pamba ya ndani inachungulia kila upande.

“Mkwe wangu, sina ugomvi,” mwalimu akasema, akatoa sindano na uzi mkobani. “Nionyeshe tu unavyoziba, na mimi nijifunze.”

Ee Mungu, nilivyofurahi! Wifi aliishika ile sindano kama anashika nge. Uzi ukakataa tundu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikaegemea kiti, nikangoja aumbuke.

“Sikushona mimi,” akasema hatimaye. “Aliyeshona ni wifi yangu. Huu na mingine yote mliyoiona, hata wa baba. Mimi hata kutunga uzi sijui.”

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka saba, na sasa yalisemwa mbele ya ukoo mzima. Kila mtu akaitazama mishono iliyofumuka, kisha akanitazama mimi.

“Kumbe ni wewe,” mwalimu akasema.

Ningeweza kukana. Nani angemwamini wifi tena siku ile? Mume wangu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, tayari kunitetea. Nikauvuta mfarishi kwangu, nikapitisha kidole kwenye mshono ulioachia.

“Ndiyo,” nikasema. “Ni kazi yangu.”